Kutangaza fani kuu, kuibadili, na kupata shahada mbili katika vyuo vya Marekani: mwongozo kamili

Aliyezoea mfumo wa kupangiwa kozi siku ya udahili hushangaa akifika chuo cha Marekani. Mwenzake wa bwenini amesoma mwaka mzima, mwingine anamaliza wa pili, na hakuna kati yao aliyesema rasmi anasomea nini. Uhuru huu ni mzuri na nautetea popote. Lakini anayeutumia bila hesabu huishia kulipa ada ya mwaka wa ziada, na anayeuogopa hung'ang'ania fani isiyomfaa ilhali angeweza kutoka bila kupoteza hata muhula mmoja.

Mfumo wenyewe una historia fupi. Charles William Eliot, rais wa Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, ndiye aliyesukuma kwa nguvu utaratibu wa mwanafunzi kujichagulia kozi. Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, aliona wanafunzi wanadonoadonoa kozi nyepesi bila kuzama popote, akaweka sharti kwamba kila mmoja awe na eneo moja analolisoma kwa kina na mengine anayoyagusa kwa upana. Muundo huo ndio utakaoukuta karibu kila chuo: kozi za elimu ya jumla, kozi za fani kuu (wanafunzi wenyewe huiita meja), na kozi za hiari zinazojaza nafasi iliyobaki. Shahada ya kwanza kwa kawaida hudai krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 120 kwenye chuo chenye mihula miwili kwa mwaka, au 180 kwenye chuo kinachogawa mwaka kwa robo.

Katika yote yanayofuata nitarudia hesabu moja: mihula iliyobaki. Krediti hudanganya. Unaweza kuwa na krediti 90 na bado ukawa mbali na shahada kuliko mwenzako mwenye 60, kwa sababu kozi zilizobaki zimefungamana, moja haichukuliwi kabla ya nyingine.

Jua mlango ulioingilia

Vyuo havifanani, na hata ndani ya chuo kimoja vitivo havifanani. Kwenye vyuo vidogo vya sanaa na sayansi, na kwenye vitivo vya aina hiyo ndani ya vyuo vikuu, unaingia bila fani na unatakiwa kutangaza kabla ya mwisho wa mwaka wa pili, yaani ukikaribia krediti 60. MIT huwataka wanafunzi watangaze mapema zaidi, mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Uhandisi, uuguzi, usanifu majengo na mara nyingi biashara hudahili moja kwa moja: umeingia ukiwa tayari na fani, na ratiba yako imeshapangwa tangu muhula wa kwanza.

Halafu kuna fani zenye nafasi chache. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chuo kinaweza kukupokea kwa mikono miwili bila kukuahidi fani unayoitaka. University of Washington ina fani ambazo chenyewe kinakiri kuwa nafasi zake ni chache kuliko waombaji, na sayansi ya kompyuta ni mojawapo. Texas A&M humwingiza mwanafunzi wa uhandisi katika uhandisi wa jumla; baada ya mwaka wa kwanza ndipo anaomba idara mahususi, na GPA yake, yaani wastani wa alama zake, ndiyo inayozungumza. Purdue ina utaratibu wa kubadili fani unaoitwa CODO, na kila programu hutangaza kozi na alama anazotakiwa kuwa nazo anayetaka kuingia.

Kwa hiyo, kabla hata ya kukubali nafasi ya chuo, andika barua pepe ya swali moja: mwanafunzi aliyeingia bila fani anaingiaje kwenye fani hii, na kwa masharti gani? Omba jibu la maandishi. Ukijua mapema kwamba mlango ni mwembamba, unaweza kuchagua chuo kingine kinachokudahili moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba kutoka uhandisi kwenda sayansi ya jamii ni rahisi, lakini kurudi ni kazi nzito. Anayeyumba kati ya hizo mbili, kama amepata nafasi ya uhandisi, aanzie huko.

Mwaka wa kwanza bila fani

Kukaa bila fani hakuna aibu wala hakupotezi muda, alimradi kozi unazochukua zinahesabika kwingi. Tatizo ni kwamba kozi nyingi zina majina yanayofanana na thamani tofauti. Kalkulasi ya wanafunzi wa biashara haikubaliki kwa uhandisi wala fizikia. Fizikia inayotumia aljebra tu huwatosha wengi wa sayansi za afya, lakini mhandisi anahitaji ile inayotumia kalkulasi. Kemia ya wasio wanasayansi hujaza sharti la elimu ya jumla na haifungui kozi nyingine yoyote ya kemia. Takwimu nayo iko ya aina mbili tatu.

Kanuni ninayoiamini: usipokuwa na uhakika, chukua toleo gumu zaidi unaloweza kulimudu kwa alama nzuri. Kalkulasi ya wahandisi inakubalika biashara, uchumi, biolojia na kwingineko. Ile nyepesi haipandi ngazi. Nasema unaloweza kulimudu kwa sababu alama ya D kwenye kozi ngumu inafunga milango mingi kuliko B kwenye kozi ya kawaida. Kozi ya uandishi ichukue mapema, itahesabika popote uendako.

Tumia nafasi hiyo kuonja fani mbili au tatu kwa kozi halisi za mwanzo, maana maelezo ya kwenye tovuti hayaonjeshi. Na ukishaonja, tazama kozi za mwaka wa tatu za fani hiyo kwenye katalogi, yaani orodha rasmi ya chuo ya kozi na masharti ya shahada. Saikolojia ya utangulizi humvutia kila mtu. Mwaka wa tatu utakutana na mbinu za utafiti na takwimu. Kama hizo ndizo zinazokuchosha, fani hiyo haitakufurahisha hata kama utangulizi wake ulikupa A.

Hatua za kutangaza fani

Anza na katalogi ya mwaka wako. Masharti ya shahada hubadilika, na kwa kawaida yanayokufunga ni yale ya mwaka ulioingia chuo, au mwaka uliotangaza fani. Kila chuo kina kanuni yake. Jua ni ipi inayokuhusu, kisha hifadhi ukurasa wa masharti hayo kama faili. Siku idara itakapofuta kozi au kuongeza sharti, faili hilo litakuwa shahidi wako.

Hatua ya pili ni ukaguzi wa shahada. Karibu kila chuo kina programu ya mtandaoni, DegreeWorks ikiwa mojawapo ya zinazotumika sana, inayoonyesha masharti uliyotimiza na yaliyobaki. Ndani yake kuna sehemu ya kujaribu fani nyingine bila kubadili chochote rasmi. Ijaribu kwa kila fani unayoifikiria na uchapishe matokeo. Kozi zote zilizoangukia kundi la hiari ndizo ambazo fani hiyo haizitambui.

Ya tatu ndiyo kazi yenyewe, na haifanywi na programu yoyote. Chukua karatasi, andika kozi zote zilizobaki za fani, na chora mshale kutoka kila kozi tangulizi kwenda kozi inayoifungua. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Idadi ya kozi katika mnyororo huo ndiyo idadi ya chini ya mihula iliyobaki, hata ukiwa na akili kiasi gani na hata ukijaza kozi sita kwa muhula. Kisha kagua kama kuna kozi inayofundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, kwa mfano wa masika pekee. Ukiikosa hiyo, umeahirishwa mwaka mzima.

Ukiwa na karatasi hiyo, nenda kwa mshauri wa masomo. Utashangaa jinsi mazungumzo yanavyobadilika ukija na mpango badala ya swali la "nisome nini?" Mshauri mmoja anaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, hivyo muda wake ni mfupi, mpe kitu cha kusahihisha. Zungumza pia na mhadhiri mmoja wa idara wakati wa saa zake za kupokea wanafunzi, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne. Huyu wa mwisho atakuambia kozi ipi hujaa saa ya kwanza ya usajili na mradi wa mwisho unakula muda gani.

Fomu yenyewe ni jambo dogo: mtandaoni au karatasi yenye sahihi ya idara. Baada ya wiki moja au mbili ingia kwenye akaunti yako uone kama fani imebadilika kweli. Usisubiri. Idara nyingi hufungia kozi zao kwa wanafunzi waliotangaza fani hiyo, na fomu iliyokwama mezani itakunyima nafasi siku ya usajili.

Kubadili fani

Anayefikiria kubadili hujiona kama amefeli. Hajafeli. Wizara ya Elimu ya Marekani, kupitia kituo chake cha takwimu, ilifuatilia wanafunzi walioanza mwaka wa masomo 2011/12 na kutoa ripoti mwaka 2017: katika waliokuwa wametangaza fani, takriban asilimia 30 waliibadili angalau mara moja ndani ya miaka mitatu, na karibu mmoja kati ya kumi alibadili zaidi ya mara moja. Waliobadili zaidi ni wa hisabati, asilimia 52. Wakimbiaji wa fani ngumu ni wengi, na wengi wao humaliza vizuri kwingine.

Bado sababu zina uzito tofauti. Kozi moja mbovu, au mwalimu mmoja usiyemwelewa, haitoshi. Sababu yenye nguvu ni pale unapotazama kozi nne zijazo za fani yako na huoni hata moja unayoitamani, au unapogundua kwamba kazi unayoitaka haihitaji fani uliyo nayo. Hili la pili hutokea mno kwa wanaotaka udaktari. Vyuo vya udaktari vya Marekani havidai fani maalumu. Vinadai kozi fulani, biolojia, kemia pamoja na ile ya kaboni, fizikia na kadhalika. Unaweza kusoma historia au muziki ukachukua kozi hizo pembeni na ukaomba udaktari. Sheria nayo haina fani ya lazima. Kijana anayeteseka ndani ya biolojia kwa sababu nyumbani wameshamwita daktari anapaswa kulijua hili, na wazazi wake wanapaswa kulijua zaidi.

Sasa hesabu. Chukua mwanafunzi wa biashara mwenye krediti 60 anayetaka kuhamia uhandisi wa mitambo. Kwa macho ya krediti yuko nusu ya safari. Chora mnyororo: kalkulasi ya kwanza ndiyo inayofungua fizikia ya kwanza, fizikia inafungua mekanika ya vitu vilivyotulia, hiyo inafungua mekanika ya mwendo na uimara wa malighafi, kisha mekanika ya maji na gesi, uhamisho wa joto, na mradi wa mwisho ambao mara nyingi huchukua mihula miwili. Kama hajawahi kuchukua kalkulasi ya wahandisi, ana mihula saba au minane mbele yake. Elimu ya jumla ameimaliza, hivyo mihula hiyo itakuwa na kozi chache, lakini itabaki mihula ileile. Pengine ataweza kuifupisha kwa kuchukua kalkulasi na fizikia wakati wa kiangazi, na hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Mgeuze mwanafunzi huyo: ana krediti 60 za uhandisi na anataka uchumi. Kalkulasi yake inahesabika na kupita kiasi, takwimu pengine inahesabika, fizikia inajaza elimu ya jumla. Mnyororo mrefu wa uchumi ni utangulizi, nadharia ya kati, ekonometriki, semina. Anamaliza kwa wakati, na hata nafasi ya kuongeza fani ndogo anayo.

Wakati mwafaka wa kubadili ni kabla ya usajili wa muhula unaofuata. Ukiamua katikati ya muhula, usikimbilie kuondoa kozi zote za fani ya zamani. Tarehe ya mwisho ya kuongeza na kuondoa kozi ikishapita, kozi unayoiacha hubaki kwenye transkripti (hati rasmi ya kozi na alama zako) na herufi W na ada hairudi. W moja au mbili haziui, ila zinahesabika mahali ambapo wengi hawatazamii, nako ni kwenye msaada wa fedha. Texas imekwenda mbali zaidi: mwanafunzi aliyeanza chuo cha umma tangu vuli ya 2007 haruhusiwi kuacha kozi zaidi ya sita katika masomo yake yote ya shahada ya kwanza, isipokuwa kwa sababu zinazotambuliwa.

Fedha kabla ya sahihi

Kama unapata msaada wa serikali kuu kupitia FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo, chuo kinalazimika kupima maendeleo yako. Kwenye kipimo hicho kuna ukomo wa muda: krediti ulizojaribu hazitakiwi kuzidi asilimia 150 ya urefu wa programu. Kwa shahada ya krediti 120 ukomo ni 180. Neno muhimu ni kujaribu: kozi uliyofeli, uliyoacha kwa W na zilizohamishwa kutoka chuo kingine zikakubaliwa zote zimo. Sambamba na hilo unatakiwa uwe unafaulu takriban asilimia 67 ya unazojaribu. Anayebadili fani mara mbili huweza kugonga ukomo kabla hajamaliza. Kuna rufaa, na kubadili fani kunaweza kuelezwa ndani yake, lakini ofisi itataka kuona mpango wa muhula kwa muhula uliosainiwa na mshauri. Ile karatasi yenye mishale inafaa tena.

Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ina ukomo wa mihula 12 ya masomo ya muda wote maishani. Mikopo ya moja kwa moja ya serikali kwa shahada ya kwanza ina dari ya jumla: dola 31,000 kwa mwanafunzi anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi, dola 57,500 kwa anayejitegemea. Mwaka wa tano na wa sita ndio unaozigonga dari hizi. Vilevile msaada wa serikali hulipia kozi zinazohesabika kwenye programu uliyotangaza. Ukichukua kozi za fani mpya kabla haijaandikwa rasmi, zinaweza kuonekana kama za ziada.

Baadhi ya majimbo hutoza adhabu kwa krediti nyingi kupita kiasi. Florida huongeza ada kwa krediti zinazozidi kiwango kilichowekwa cha shahada. Texas huruhusu vyuo vya umma kumtoza mwanafunzi aliyezidisha krediti 30 au zaidi ada ya juu, hadi kiwango cha mtu asiye mkazi wa jimbo. Na ufadhili binafsi uusome upya neno kwa neno: mwingi umefungwa kwenye fani.

Mwenye visa ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni)

Hapa usitie sahihi popote kabla ya kuonana na ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako. Fani yako imeandikwa kwenye fomu ya I-20, ile uliyopewa na chuo kwa ajili ya visa, na kwenye mfumo wa serikali, na lazima irekebishwe unapobadili. Sheria za uhamiaji hubadilika, hivyo ya rafiki aliyebadili miaka mitatu iliyopita yasikutoshe.

Mambo matatu ya kwenda nayo ofisini. La kwanza ni muda. Shahada ya kwanza inakudai uwe na angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na kozi ya mtandaoni inayohesabika humo ni moja tu, isiyozidi krediti tatu. Ukiona fani mpya itapitisha tarehe ya mwisho ya I-20, nyongeza huombwa kabla ya tarehe hiyo, kamwe si baada yake. Kanuni zimetaja kubadili fani miongoni mwa sababu zinazokubalika za kuchelewa. Kuchelewa kwa sababu ya kuwekwa chini ya uangalizi wa alama hakukubaliki. Yaani anayebadili mapema akiwa na alama nzuri ana hoja, anayengoja mpaka ameporomoka hana.

La pili ni namba ya fani. Kila programu ina namba ya tarakimu sita katika orodha ya taifa, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama fani ni ya sayansi na teknolojia kwa macho ya serikali. Wahitimu hupata miezi 12 ya kufanya kazi kwa mafunzo, na wa fani zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia huweza kuomba 24 zaidi. Fani mbili zinazofanana jina huweza kuwa pande tofauti: uchumi wa jumla, 45.0601, haumo, ilhali ekonometriki na uchumi wa kihesabu, 45.0603, umo. Tofauti kati yao chuoni inaweza kuwa kozi chache tu za hisabati.

La tatu linawahusu wanaowaza shahada mbili: miezi 12 hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya elimu. Shahada mbili za kwanza hazikupi miezi 24. Kupanda hadi uzamili ndiko kunakofungua mingine.

Fani mbili, shahada mbili, au nyingine baadaye

Watu huchanganya vitu vinne hapa. Fani mbili ndani ya shahada moja: unatimiza masharti ya fani zote, unapata cheti kimoja, na mara nyingi krediti 120 zinatosha kama fani zinagusana. Shahada mbili kwa pamoja, kwa mfano ya sanaa na ya sayansi: vyeti viwili, na vyuo vingi hudai angalau krediti 30 juu ya zile za shahada ya kwanza, yaani 150. Stanford, kinachotumia robo, hudai 225 badala ya 180. Cha tatu ni fani ndogo, kozi tano hadi saba hivi. Cha nne ni shahada nyingine ya kwanza baada ya kuhitimu.

Kabla ya kuota, angalia kama chuo chako kinaruhusu. Princeton hakina fani kuu mbili. Kina fani ndogo. Harvard kiliruhusu fani kuu mbili zilizo huru mwaka 2022 tu; kabla ya hapo ilikuwa lazima uziunganishe kwa tasnifu moja. Kisha uliza kanuni ya kozi zinazohesabika mara mbili, kwani ndiyo inayoamua kila kitu. Idara moja huruhusu kozi mbili tu kuhesabika pande zote, nyingine haina ukomo. Fani mbili zenye kozi 12 kila moja ni kozi 22 zikihesabika mbili tu pande zote, au 17 zikihesabika saba.

Msimamo wangu ni huu: ongeza shahada pale ambapo kuna mlango unaoidai. Leseni ni mlango. Uuguzi ni mlango: mwenye shahada ya kwanza ya fani yoyote anaweza kuingia programu ya haraka ya uuguzi inayochukua takriban miezi 11 hadi 18, na wengi waliokuja Marekani na shahada ya nyumbani wamejenga maisha kwa njia hiyo. Uhasibu ni mlango: kwa miaka mingi majimbo yamemdai mhasibu mwenye leseni krediti 150, ingawa baadhi sasa yamefungua njia nyingine, hivyo fani ya pili au uzamili wa mwaka mmoja unaweza kuzijaza krediti hizo kwa faida. Mbali na milango ya aina hii, mwajiri hasomi vyeti kwa kuvihesabu. Fani moja pamoja na fani ndogo na kazi ya vitendo ya kiangazi itakufikisha palepale, kwa mihula miwili pungufu.

Kwa aliyebakiza nguvu na hamu, mpango wa miaka mitano unaounganisha shahada ya kwanza na uzamili humfaa kuliko shahada mbili za kwanza, hasa mwenye visa kwa sababu niliyoitaja. Unaombwa kwa kawaida mwaka wa tatu, na kozi kadhaa za uzamili huhesabika pande zote mbili. Kwenye ngazi ya juu pia zipo shahada za pamoja, kama sheria na usimamizi wa biashara, ambazo kwa kawaida huchukua miaka minne badala ya mitano.

Anayerudi kutafuta shahada nyingine ya kwanza ajue mawili ya fedha. Pell haitolewi kwa mwenye shahada ya kwanza, na kwa kawaida ile ya nchi ya nje inahesabika pia. Mikopo ipo, ila chini ya dari ileile ya shahada ya kwanza, pamoja na uliyokwisha kukopa. Kwa upande mwingine, elimu ya jumla mara nyingi husamehewa, na chuo hudai krediti kama 30 tu zichukuliwe kwake. Peleka transkripti yako ya nje kwenye taasisi ya kutathmini vyeti mapema, na uombe tathmini ya kozi kwa kozi, si ile ya jumla inayotaja shahada tu.

Walioanzia chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili)

Huku ushauri wa kukaa bila fani unageuka. Miaka miwili ni michache, na chuo kikuu utakachohamia kitakupokea kwa fani. Chagua fani na chuo lengwa ndani ya muhula wa kwanza. Huko California, tovuti ya ASSIST huonyesha kozi gani ya chuo cha jamii inakubalika kwa kozi gani ya chuo kikuu cha umma, na tangu sheria ya mwaka 2010 kuna shahada ya miaka miwili iliyotengenezwa mahususi kwa kuhamia mfumo wa California State University. Majimbo mengine mengi yana makubaliano ya aina hiyo. Kozi kukubaliwa kama krediti ya hiari si sawa na kukubaliwa kama kozi ya fani. Uliza la pili.

Muhula wa mwisho

Maombi ya kuhitimu hayajitumi. Yatume muhula mmoja kabla, kisha fungua ukaguzi wa shahada uone kila mstari umefungwa, kwa fani zote. Kama kuna kozi ya kubadilishwa kwa nyingine kwa idhini ya idara, hakikisha idhini imeingizwa kwenye mfumo. Ahadi ya mdomo ya mhadhiri aliyekwenda likizo haisomwi na ofisi ya msajili. Vyuo vingi haviruhusu kuongeza fani ya pili baada ya shahada kutolewa rasmi, hivyo kama umebakiza kozi moja ya fani hiyo, ahirisha kuhitimu au kubali kuiacha, ila uamue kabla ya tarehe. Na unapoomba kazi, tuma transkripti pamoja na cheti: vyeti vingi hutaja shahada tu, na fani zako mbili zimeandikwa kwenye transkripti pekee.